Mashine moja, kazi mbili

Wazee wetu husema: Mshika mbili, moja humponyoka. Methali hiyo tuliisikia tangu utoto, nasi tumewafundisha watoto wetu vilevile. Lakini nyumbani mwetu, hapa Bukavu, kwa miaka mingi tulishika mambo mawili kwa mashine moja. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Sisi tukaitumia pia kwa kutazama diski zote za jamaa: filamu, nyimbo za kwaya, ndoa za ndugu, hata matanga. Bila shaka wako wasomaji waliofanya kama sisi, na wengine wanayo mashine ya namna hiyo nyumbani wala hawajui yaweza kuwasaidia nini. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia yaliyotupata, mema na mabaya, ili kila mzazi apime mwenyewe.

Jinsi mashine ilivyoingia nyumbani

Mwaka 2008, siku chache kabla ya Noeli, mdogo wetu akaaye Brussels, katika nchi ya Ubelgiji, alikuja kutusalimu. Jioni ya kwanza akafungua sanduku lake, akatoa kitu cheusi, kizito, chenye umbo la kitabu kikubwa. Ilikuwa PlayStation 2. Watoto wake walikuwa wamepata mashine mpya, naye akaona vema kumletea ile ya zamani mtoto wetu wa pili, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 12.

Kwa kusema kweli, hatukufurahi. Tulitumaini vitabu, au kamusi. Tulikwisha kuona vijana wa mtaa wakimaliza fedha zao katika vyumba vya michezo, wakilipa kwa kila mchezo wa mpira, wakirudi nyumbani usiku bila kugusa daftari. Tukajiuliza: je, sasa uovu ule umetufuata mpaka sebuleni?

Mdogo wetu akaona uso wetu, akacheka. Akasema: “Kaka, usikasirike. Hii si ya watoto peke yao. Tia diski ya DVD ndani yake, utaona.” Tukatia diski ya kwaya moja. Mara wakatokea waimbaji, picha safi, sauti safi. Mama watoto akapiga makofi.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Lekta yetu ya diski ilikuwa imekufa mwaka uliotangulia, na tangu siku ile tulikuwa tukiweka fedha kidogo kidogo tupate kununua nyingine. Sasa haja ya kununua ilikwisha. Fedha zile tukazilipia masomo ya binti yetu mkubwa, ambaye karani wa shule alikuwa amekwisha kumrudisha nyumbani mara mbili. Basi, yule mgeni tuliyemwogopa ndiye aliyemrudisha mtoto wetu darasani. Hatupendi kulisahau jambo hilo.

Kwa nini mashine ya michezo husoma filamu

Wengine watashangaa: filamu na michezo zina undugu gani? Undugu wao uko katika diski yenyewe. Diski ya CD, ya DVD na ile mpya zaidi iitwayo Blu-ray zote zina upana uleule wa sentimita 12. Ndani ya mashine mna jicho la mwanga wa leza, ambalo husoma alama ndogo sana zilizochorwa juu ya diski. Alama zikiwa ndogo zaidi na kukaribiana zaidi, diski hubeba mambo mengi zaidi. Diski ya DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya Blu-ray hubeba 25. Basi, ikiwa michezo yenyewe imeandikwa katika DVD, mashine haina budi kuwa na jicho la kuisoma. Na jicho lisomalo mchezo laweza kusoma na filamu, ikiwa watengenezaji wamekubali.

Kampuni ya Sony ilianza mapema. PlayStation ya kwanza, iliyotokea Japani tarehe 3 Desemba 1994, iliweza kupiga diski za muziki. PlayStation 2 ilitokea kulekule tarehe 4 Machi 2000 kwa bei ya yeni 39,800, nayo ilionyesha DVD. Wakati ule lekta za DVD zilikuwa bado ghali, na jamaa nyingi ziliinunua kwa sababu mbili pamoja: mtoto apate mchezo wake, wazazi wapate filamu zao. Zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mwanzoni mwa mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hazitengenezwi tena.

Jambo lilelile likarudia mwezi wa Novemba 2006, ilipotokea PlayStation 3 yenye kusoma Blu-ray. Huko Marekani iliuzwa kwa dola 499 au 599, na katika mwaka huohuo lekta ya kwanza ya Blu-ray iliuzwa karibu dola 1000. Kwa hiyo watu wengi waliweka mashine ya michezo sebuleni hata kama hawakucheza sana. Wakati ule kulikuwa na diski nyingine iliyoshindana na Blu-ray, jina lake HD DVD. Kampuni ya Toshiba, iliyokuwa mbele katika kuitengeneza, ikaiacha tarehe 19 Februari 2008. Tazameni: mashine iliyoingia nyumbani kwa mlango wa watoto ilisaidia kuamua watu wazima watazame diski gani.

Yaliyotusumbua

Hata hivyo tusidhani kwamba mwenye mashine ya namna hii hana taabu. Sisi tulizipata tatu.

Ya kwanza ni diski zenyewe. Katika miaka ile diski nyingi za bei rahisi sokoni zilikuwa za namna iitwayo VCD. PlayStation 2 haisomi VCD. Tena wenye filamu waligawanya dunia kwa namba: Marekani na Kanada zina namba 1, Ulaya ya magharibi na Japani namba 2, sehemu kubwa ya Afrika yetu namba 5. Mashine iliyonunuliwa Ubelgiji hutii namba 2. Ndugu mmoja alitutumia filamu kutoka Kanada. Tuliitia, tukaitoa, tukaifuta kwa kitambaa, tukaitia tena. Kazi bure. Haikuwa chafu wala mbovu; namba yake ilikuwa nyingine.

Ya pili ni maneti, kile kishikio chenye vifungo. Lekta ya kawaida ina telekomandi, na kila mtu anajua kifungo cha kuanzisha na cha kusimamisha. Maneti ina pembetatu, duara, msalaba na mraba, wala haikuandikwa popote kipi hufanya nini katika filamu. Waya wake haukufika kwenye kiti chetu. Kwa hiyo kila mara tulipotaka kutazama kitu, tulimwita mtoto. Naye akija, alikuja kama fundi aitwaye kwa mteja: taratibu, akijua kwamba bila yeye hakuna kitu. Tukaanza kusema kwa mzaha kwamba mwenye maneti ndiye mwenye nyumba. Lakini mzaha ule ulikuwa na mchubuko ndani yake.

Ya tatu tulijitengenezea wenyewe. Mama watoto alidarizi kitambaa kizuri cheupe chenye maua mekundu, kama alivyofanya kwa televisheni na kwa redio, akaifunika mashine. Nasi tukaisukuma ndani ya kabati, tukaacha mlango nusu wazi, ili wageni wasiitamani. Ikawa imevaa vizuri, imekaa pahali pa heshima. Hakuna aliyejiuliza itapumua wapi.

Diski ya mjomba

Mwezi wa Julai 2010 mjomba wetu alifariki huko Lubumbashi. Alikuwa mdogo wa mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Nyanya; walizaliwa wawili tu. Nyanya alikuwa amepita miaka 70, magoti yakimwuma, na kati ya Bukavu na Lubumbashi hakuna njia ambayo mama mzee aweza kuisafiri kwa gari. Bei ya ndege ilitushinda. Basi ndugu yake akazikwa bila yeye. Tulikaa kilio nyumbani, majirani walikuja, tuliomba Misa. Lakini Nyanya hakutulia. Usiku tulimsikia akisema peke yake: “Sikumwona.”

Baada ya majuma matano, binamu zetu walimpa msafiri mmoja diski ya DVD, iliyopigwa picha tangu siku ya kilio mpaka kaburini. Ilifika Jumamosi moja ya Agosti, saa kumi na moja jioni. Nyanya akaoga, akavaa kitenge chake cheusi, akafunga kitambaa kichwani, akaketi mbele ya televisheni, mikono magotini, kama mtu aliyefika kwenye matanga.

Juma lile umeme ulikuja kwa zamu. Ulifika mtaani kwetu mchana, na mara nyingi uliondoka saa tatu za usiku. Mtoto wetu na rafiki zake walikuwa wakicheza mpira katika mashine tangu ulipofika. Tukawaambia watoke. Tukatia diski. Mashine ikavuma kwa nguvu, picha ikatokea kwa muda mfupi, kisha giza. Tukagusa ubavu wake kupitia kitambaa: ulikuwa moto kama pasi.

Hasira ikatupanda. Tukamgeukia mtoto mbele ya watu wote, tukamwambia maneno makali: kwamba ameiua mashine kwa michezo yake, kwamba hana heshima kwa marehemu, kwamba kesho tutaitupa ziwani. Mtoto hakujibu. Machozi yakamlengalenga. Ndipo Nyanya aliposema kwa sauti ya chini:

“Mwanangu, usimfokee mtoto. Ni nani aliyeivika nguo?”

Tukanyamaza. Mama watoto akatazama chini. Kweli, mtoto hakudarizi kitambaa, wala hakulinunua kabati. Sisi wazazi ndio tuliomfunika mfanyakazi blanketi, kisha tukamlaumu kwa kutoka jasho.

Mtoto akaitoa mashine kabatini. Akakivua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akampa mama yake. Kwa brashi kavu akaondoa mavumbi katika matundu ya hewa, mavumbi mengi kama manyoya. Halafu akaenda jikoni, akaleta ungo, akaanza kuipepea polepole, kama mtu apepeavyo mgonjwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na nusu. Sote tulijua umeme haungoji mtu. Hakuna aliyesema neno. Akapepea mpaka saa moja na dakika kumi. Akagusa ubavu wake, akaiwasha.

Ikawaka. Juu ya kioo yakatokea maneno matatu ya Kifaransa: nyumbani, Misa, kaburini. Tukashika maneti sisi wenyewe, kwa haraka ya mtu aliyeaibika, tukabonyeza duara, maneno hayakufunguka. Tukabonyeza pembetatu. Bure.

“Baba,” mtoto akanong'ona, “bonyeza msalaba.”

Nyanya akasikia. “Msalaba ndio unaofungua?” akauliza.

“Ndiyo, Nyanya.”

“Basi nipeni mimi.”

Mtoto akakisogeza kiti chake karibu, kwa sababu ya ule waya mfupi, akaweka kidole cha Nyanya juu ya kifungo. Nyanya akabonyeza, nayo nyumba ya mjomba ikafunguka mbele yetu. Akawatambua watu mmoja mmoja, akawaita kwa majina: yule shangazi, yule shemeji aliyenenepa, wale wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Walipoonyesha uso wa marehemu alisema: “Simamisha.” Mtoto akasimamisha. Wakatazamana hivyo, dada na ndugu yake, muda mrefu. Hatukuthubutu hata kukohoa.

Misa ilikuwa imekwisha, na jeneza lilikuwa mlangoni, umeme ulipokatika. Saa tatu kasoro dakika tano. Tukatafuta kiberiti. Katika giza Nyanya akasema: “Nimemwona. Yatosha kwa leo. Kesho mtanionyesha jinsi walivyomlaza.” Usiku ule alilala mpaka alfajiri. Kesho yake umeme ulipofika, alikuwa amekwisha kuketi, na msalaba aliubonyeza mwenyewe bila kusaidiwa na mtu.

Tulivyopanga baadaye

Siku ile ilitufundisha kwamba kosa letu halikuwa kuipa mashine moja kazi mbili. Kosa lilikuwa kuiachia nyumba nzima itegemee kitu ambacho watu wazima hawakitunzi wala hawakijui. Tulimwachia mtoto elimu yote, kisha tukamlaumu kwa kuwa nayo. Tukaanza upya, na mipango yetu twaitoa hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, tukamwomba mtoto msamaha mbele ya rafiki zake, kwa sababu tulimwaibisha mbele yao. Wako wazazi watakaosema kwamba baba hamwombi mtoto msamaha. Sisi twaona kwamba heshima yetu haikupungua hata kidogo. Tena tangu siku ile tukimwita, alikuja mbio.

Pili, kila mtu mzima alijifunza vifungo. Mtoto akawa mwalimu, sisi wanafunzi. Ilichukua jioni mbili.

Tatu, tuligawa saa. Michezo ilikuwa na saa zake baada ya masomo, na Jumapili jioni ilikuwa ya jamaa yote. Diski ya msiba au ya arusi ikifika, hiyo hutangulia. Na kabla ya kutazama, mashine ilipumzishwa saa nzima, ikae juu ya meza, mahali pa wazi, bila nguo.

Nne, atakaye kununua mashine ya namna hii aulize kwanza, wala asidhani kwamba zote zafanana. Ile Xbox ya mwaka 2001 haikuonyesha DVD mpaka mtu aongeze telekomandi yake, iliyouzwa peke yake. GameCube ya Nintendo, ya mwaka uleule, ilikuwa na diski ndogo za sentimita 8 wala haikusoma DVD. Wii ya mwaka 2006 nayo haikuonyesha filamu za DVD. PlayStation 4 na PlayStation 5 husoma DVD na Blu-ray, lakini diski za CD za muziki hazizipigi. Na nyingine za leo hazina hata tundu la diski: Xbox Series S na ile PlayStation 5 iitwayo Digital Edition, za mwaka 2020, ni hivyo, PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 huuzwa bila kisomeo cha diski, mtu hukinunua mbali. Tena atazame umeme wake: PlayStation 2 iliyouzwa Marekani yataka volti 120, na sisi hapa twatumia 220. Akiichomeka ukutani bila kigeuzi, ataiunguza siku ya kwanza.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: diski ya jamaa isikae peke yake. Filamu ya dukani ikipotea, hupatikana nyingine. Diski ya mjomba haipatikani. Mikwaruzo huiharibu, jua huiharibu, na sasa hata mashine za kuisoma zinapungua. Mtoto wetu, ambaye leo ni mtu mzima, alinakili diski zote za jamaa katika flashi mbili. Moja iko kwetu, nyingine iko kwa binti yetu, yule aliyerudi darasani.

Nyanya alifariki mwaka 2017. Matanga yake pia yalipigwa picha, na diski yake imewekwa katika sanduku moja na ya ndugu yake. Wajukuu waliokuwa mbali walipokuja, tuliketi pamoja tukaitazama katika mashine ileile, juu ya meza ileile. Mtoto mdogo kuliko wote, ambaye hakumjua Nyanya akiwa hai, ndiye aliyekuwa ameshika maneti. Hakujua afanye nini. Mama watoto, ambaye zamani alimwita fundi kwa kila jambo, akainama kando yake akamwonyesha kifungo.